Kamera ya Nyumbani Katoyi: Chunga Sufuria Kabla ya Kumngoja Mwizi

Watu wengi wa Katoyi, hapa Goma, wananunua kamera wakiwaza saa nane za usiku. Wanawaza mlango unaopigwa teke, mbwa aliyenyamaza ghafla, risasi mbili upande wa Ndosho. Tuseme ukweli mapema, kabla hela haijatoka mfukoni: mtu anayekuja usiku na bunduki hazuiliwi na kifaa chenye ukubwa wa ngumi. Atakigeuza kitazame ukuta, au atakibeba pamoja na televisheni. Kinachomsumbua bado ni filimbi, sufuria zinazogongwa parsele hadi parsele, na majirani wanaoamka wote kwa pamoja. Kamera haipigi filimbi kwa niaba ya jirani.

Lakini usiku ni sehemu ndogo ya maisha ya nyumba. Kutwa nzima kuna maji yanayokuja bila taarifa, umeme unaokatika, mtoto anayerudi shule wakati mama yuko soko la Virunga, gunia la makala linalopungua haraka kuliko moto. Huko ndiko kamera inakolipa bei yake. Ukiinunua kwa kazi hizo, siku ikikunasia mwizi utahesabu kuwa ni nyongeza.

Tuanze na maji, maana mji huu unakaa ukingoni mwa Ziwa Kivu na bado watu wanapanga bidoni za njano kwenye foleni. Penye robine ya Regideso ndani ya parsele, shida kubwa ni kujua saa maji yanapokuja. Yanaweza kuja alfajiri, yakakaa kidogo, yakaondoka. Mbinu ni hii: tafuta kamera inayoweza kutambua sauti, si mwendo peke yake. Zile zinazouzwa kwa kuangalia watoto wachanga mara nyingi zina uwezo huo. Ifunge karibu na robine, mahali pasipolowa. Chini ya robine weka beseni la bati, siyo la plastiki, na uache robine imefunguliwa. Maji yakifika yanapiga bati, kamera inasikia, simu yako inalia. Beseni liwe limeinamishwa kidogo juu ya pipa, ili maji ya kwanza yasimwagike ukiwa bado unatafuta kandambili. Na usiache robine wazi kama hakuna mtu wa kuamka. Jirani wa chini hatakushukuru kwa mto unaopita mlangoni pake.

Mwenye tanki kubwa la kukusanya maji ya mvua ana njia nyepesi zaidi. Chukua kamba, upande mmoja funga chupa tupu ielee ndani ya tanki, pitisha kamba ukingoni, na upande wa nje ning'iniza kipande cha mbao chenye rangi nyekundu. Maji yakipungua, chupa inashuka na mbao inapanda. Kamera ikitazama mbao hiyo, utajua hali ya tanki ukiwa kazini. Maji hayo yawe ya kufua na kuosha, kwa sababu moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huchafua mvua ya huku kwa asidi na floridi. Asidi hiyo hiyo ndiyo inayokula mabati, na itakula pia skrubu za kamera yako. Tumia skrubu zisizoshika kutu, au zipake grisi.

Umeme nao. Uwe unatumia wa SNEL, wa Virunga au wa kampuni nyingine, jambo unalotaka kujua ukiwa mbali ni moja tu: upo au haupo? Hapa kamera inakusaidia hata isipokuonyesha picha. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani pamoja na ruta yake, umeme ukikatika programu kwenye simu itaandika kwamba kamera haipatikani. Umeme ukirudi, itaonekana tena. Mama anayeuza sambaza zilizogandishwa anajua mara moja kwamba friza imezima, na anaweza kumpigia mtu apeleke barafu. Wenye mita ya Cash Power wanaweza kuielekeza kamera kwenye tarakimu za mita, umbali wa mkono mmoja hivi, wakasoma uniti zilizobaki bila kumsumbua mtoto apande kiti. Ukiona uniti zinakwenda mbio wakati nyumbani hakuna mtu, rudisha picha nyuma uone zilianza kukimbia saa ngapi. Pasi iliyosahauliwa hugunduliwa hivyo. Na waya wa mpangaji uliounganishwa kwa siri pia hugunduliwa hivyo.

Wenye butiki mbele ya nyumba wana faida kubwa kuliko wote, na sababu yake ni dola. Kila mtu Goma anajua kwamba noti ya dola yenye mpasuko mdogo, hata wa kucha, inakataliwa. Ugomvi unaanza hivi: mteja anatoa noti ya 20, unampa chenji ya faranga, anaondoka, baadaye unaona noti imechanika. Au yeye ndiye anarudi akisema umempa noti mbovu. Kamera iliyowekwa pembeni ya dari haitakusaidia, kwa sababu itaonyesha vichwa vya watu na kofia. Ifunge juu ya kaunta, kama mita moja tu, itazame chini kwenye meza. Kisha jizoeze tabia moja: kila noti ya dola, kabla ya kuiweka sandukuni, itandaze mezani kwa sekunde mbili, mbele na nyuma. Mteja naye aone. Ugomvi mwingi utaisha pale pale, hata kabla ya mtu kuomba kutazama video. Kwa mawakala wa M-Pesa na Airtel Money nasema hivyo hivyo, isipokuwa kamera isione tarakimu za siri za mteja. Geuza pembe, au ziba sehemu hiyo ya picha.

Tukiingia ndani ya nyumba, watoto ndio kazi ya kwanza. Kamera yenye spika na maikrofoni inakuwezesha kusema na mtoto aliyerudi shule: “Chakula kiko chini ya sahani, vua yunifomu kwanza.” Mpe mtoto desturi ya kusimama mbele ya kamera akiingia na kupunga mkono. Wewe utapata ujumbe, utamwona, basi, urudi kwenye biashara yako. Usiifanye sauti ya ukutani inayokaripia kutwa nzima, maana mtoto atajifunza haraka kona ambayo kamera haifiki, na huko ndiko atakakohamia.

Koko anayekaa peke yake mchana, magoti yakimuuma, anahitaji jicho pia. Muulize kwanza. Mzee aliyelea watoto saba haangaliwi kama kuku bila ruhusa yake. Akikubali, ielekeze kwenye mlango na kiti chake, mbali na kitanda. Inakutosha kujua kwamba leo asubuhi mlango ulifunguliwa kama kawaida.

Tukitaja kuku: kama unafuga kuku, sungura au simbilisi nyuma ya nyumba, kamera ya usiku itakuonyesha mnyama anayekula vifaranga. Mara nyingi ni panya, na mara nyingi paka aliyelaumiwa hana hatia.

Kuhusu mbabula, yaani jiko la makala, naomba tuwe wakali. Unaweza kuweka kamera itazame maharage yanayochemka uani wakati wewe unafua. Lakini kamera hainusi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina rangi wala harufu, na kamera haiioni kabisa. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimebanana, na moto wa nyumba moja unakula tano. Usitoke nyumbani ukiacha mbabula imewashwa eti kwa sababu unaiona kwenye simu. Unaiona ukiwa Birere. Utaizima na nini?

Matumizi mengine yaliyoenea ni ya chantier. Ndugu aliyeko Brussels au Ottawa anatuma hela ya kujenga, na huku watu wanahesabu mifuko ya simenti kwa mdomo. Kamera moja ya paneli ya jua, juu ya mti wa eukaliptasi uliosimikwa kwenye kona ya kiwanja, imepunguza maneno mengi kati ya ndugu. Iamuru ipige picha moja kila nusu saa badala ya kurekodi video. Mawe ya volkeno yakishushwa, lori linaonekana na rundo linaonekana. Mafundi waambiwe siku ya kwanza kwamba kamera ipo; fundi mzuri hafichiwi.

Umeme wa kuiendesha, na mega

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo kamera nyingi zinapogeuka kuwa pambo la ukuta.

Kamera ndogo ya wifi inakula kama wati 5, usiku zaidi kidogo kwa sababu ya taa zake zisizoonekana. Kwa siku nzima ni kama wati-saa 120. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74 kwa maandishi, na kiasi kinachotoka kweli ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo itaisukuma kamera peke yake karibu nusu siku, bila ruta. Kama umeme wenu unapotea siku mbili tatu, tafuta kamera ya betri inayolala na kuamka inapohisi joto la mtu, yenye paneli yake ndogo. Paneli iielekeze kaskazini, kwa kuwa Goma iko kidogo kusini mwa ikweta, na uiinamishe kiasi cha mvua kuosha vumbi. Vumbi jeusi la lava linarudi kila siku. Ifute kwa kitambaa kilicholowa mara moja kwa wiki.

Kamera hizo za betri zinahisi joto linalokatiza mbele yake vizuri kuliko joto linalokuja moja kwa moja. Ukiifunga ikitazama mlango wa parsele uso kwa uso, itachelewa kuamka. Ifunge ubavuni, mtu akatize.

Mega za intaneti ndizo zinazotafuna hela kimya kimya. Video nyepesi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa moja, kwa upande wa kamera inayotuma, na kiasi hicho hicho tena kwa simu yako inayopokea. Kuchungulia dakika tano ni kama MB 37 kila upande. Kwa hiyo: rekodi kwenye kadi iliyo ndani ya kamera, usinunue hifadhi ya mtandaoni, weka ubora wa chini kwa kutazama na ubora wa juu kwa kurekodi, na zima video inayojicheza yenyewe ukifungua programu. Kadi ya GB 64, kwa video nyepesi hiyo isiyokatika, inashika karibu siku sita. Ukiiamuru irekodi mwendo tu, inafika wiki kadhaa. Kadi bandia zimejaa sokoni: zinaandikwa 64 na kubeba 8. Kabla ya kuifunga, ijaze mafaili hadi pomoni kwa kompyuta ya rafiki, halafu yafungue yale ya mwisho.

Kurekodi kwenye kadi kuna sababu nyingine. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na intaneti nayo ikapotea. Kamera iliyotegemea mtandao ilikuwa haina kazi kabisa. Ile yenye kadi na betri iliendelea kuandika.

Kama huna hela ya kamera, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inatosha. Programu kama AlfredCamera inaigeuza kuwa kamera na simu yako ya kila siku kuwa kioo cha kutazamia. Simu hiyo ya zamani usiiache kwenye chaja saa zote. Tazama mgongo wake kila wiki, na ukiona umevimba, itoe nje ya nyumba, usiitoboe. Katika nyumba ya mbao hilo si jambo la kuahirisha.

Kuifunga kwenye mbao, mawe na mabati

Ukuta wa mbao unatikisika kila mlango unapofungwa kwa nguvu, na kamera inadhani dunia nzima imetembea. Utapata ujumbe 200 kwa siku, na baada ya hapo hutasoma hata mmoja. Ifunge kwenye nguzo ya kona iliyoingia ardhini, siyo kwenye mbao ya katikati. Punguza wepesi wake wa kuhisi, kisha chora kwenye programu eneo dogo tu unalotaka litazamwe: mlango wa stoo, kwa mfano, bila kamba ya nguo inayopepea.

Wifi ya kamera za bei nafuu ni ya gigahezi 2.4 peke yake. Inapenya mbao vizuri, inapenya mawe ya volkeno kwa shida, na mabati inayakataa kabisa. Kama jiko lako limezungushiwa mabati, weka ruta dirishani ikitazama huko. Usiku, kamera ikiwa nyuma ya kioo itajimulika yenyewe na utaona ukungu mweupe. Buibui pia wanapenda kusuka mbele ya lenzi, kwa kuwa wadudu wanafuata vile vitaa vyake; ufagio mdogo unatosha.

Halafu saa. Programu nyingi zikiona Kongo zinachagua Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Chagua Lubumbashi. Ukiiacha Kinshasa, siku ya kuuliza nani alikuwa kwenye parsele saa kumi na mbili jioni, picha itasema saa kumi na moja, na aliyefanya atakuwa na ushahidi mzuri wa kutokuwepo.

Isitazame wapi

Barabara. Siku hizi hasa. Wanaopita barabarani wana silaha na hawapendi kurekodiwa, na wewe huwezi kumweleza mtu mwenye bunduki kwamba ulikuwa unachunga bidoni zako. Geuza kamera itazame ndani ya parsele, kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu, ikiinama chini. Kama kipande cha njia bado kinaonekana, kizibe kwenye programu au bandika utepe mweusi pembeni ya lenzi. Taa ndogo ya buluu inayowaka mbele, izime.

Bafu na choo cha nje. Parsele za Katoyi ni finyu, familia nne zinatumia uga mmoja, na bafu la jirani ni turubai tu. Kabla ya kuchimba tundu la skrubu, mwite mwenye parsele na wapangaji wenzako, waonyeshe kwenye simu kile kamera inachokiona. Mtu akiona mwenyewe kwamba mlango wake haumo, maneno yanaisha. Yaya na kijana wa kazi waambiwe pia, na chumba wanacholala kisiwekwe kamera. Sheria nayo ipo: Kongo ina kanuni ya mambo ya kidijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari binafsi za watu, na uso wa mtu umo humo.

Nywila iliyokuja na kamera ibadilishe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na mwezi wa 10 ikaangusha tovuti kubwa za Marekani. Ukinunua kamera iliyotumika, bonyeza kitufe cha kuirudisha upya na uhakikishe akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondoka. Vinginevyo anaendelea kuona sebule yako.

Ikitokea kamera imenasa mtu akichukua kitu, kazi ya kwanza ni kuitoa kadi na kuweka nyingine, kwa sababu kadi ikijaa inafuta ya zamani. Nakili video mara mbili, andika tarehe. Halafu usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp la avenyu. Hapa kwetu neno “mwizi” likishasemwa kwa sauti, mawe yanafika kabla ya maswali, na picha ya usiku ya kamera ndogo inafananisha vijana kumi. Kama ni mtoto wa jirani, mwite yeye pamoja na baba au mama yake, mfunge mlango, mtazame wote watatu. Kama si wa jirani, nenda na simu yako kwa mkubwa wa avenyu au wa nyumba kumi, umwonyeshe yeye peke yake, na video ibaki kwako mpaka atakapoiomba mtu mwenye haki ya kuiomba.